Mtemi, Ukoo na Sheria ya 1963

Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kufuta uchifu. Rais aliyekuwa madarakani, Julius Nyerere, alikuwa mtoto wa Nyerere Burito, chifu wa Wazanaki. Spika wa Bunge, Adam Sapi, alikuwa chifu wa Wahehe na mjukuu wa Mkwawa, mtawala wao wa zamani. Vyeo vya kuzaliwa vilifutwa na watoto wa koo zenye vyeo hivyo.

Majina ya vyeo hivyo yalitofautiana: mangi Uchaggani, mwami Buha, omukama kwa Wahaya, mtemi kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Vyote vilirithiwa ndani ya ukoo, lakini kuzaliwa peke yake hakukutosha. Usukumani, wazee waitwao banang'oma ndio waliomteua mtemi miongoni mwa watu wa ukoo wa utawala. Zamani, katika tawala nyingi za huko, mrithi hakuwa mwana wa mtemi bali mtoto wa dada yake. Na akishasimikwa, alibeba dhamana nzito: mvua, rutuba ya ardhi na matambiko ya wahenga. Mvua ikikatika na njaa ikaingia, wazee waliweza kumng'oa.

Kwa hiyo damu ilimfungulia mtu mlango tu. Kilichombakiza kitini ni neema ya nchi na ridhaa ya wazee.

Waingereza waliivunja kanuni hiyo. Gavana Donald Cameron alifika 1925, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuwatawala wenyeji kupitia watawala wao. Chifu akapewa mshahara, mahakama na daftari la kodi. Tangu hapo aliyeweza kumwondoa ni mkoloni aliyekaa bomani, si mzee wa banang'oma. Hapo ndipo heshima ya cheo ilipoanza kumomonyoka: mkulima alimwona chifu akija kudai kodi, na kumkataa hakuweza.

Kilimanjaro ilitoa mapema ishara ya mwisho wa uchifu. Mwaka 1952 Thomas Marealle alisimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, kwa shangwe kubwa. Mwaka 1960 Wachagga hao hao walipiga kura wakataka kiongozi wao awe rais wa kuchaguliwa, na nafasi hiyo ikaenda kwa Solomon Eliufoo.

Sheria ya 1963 ilikuwa ya haki, kwa sababu taifa changa halikuweza kuwa na raia wa madaraja mawili. Lakini pamoja na cheo, ilisahauliwa pia elimu ya namna wazee walivyomdhibiti mtawala bila bunduki wala boma. Elimu hiyo bado ina mashahidi. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yametunza ngoma na viti vya watemi wa Usukuma, na huenda vijijini bado wapo wazee wanaojua jinsi mtemi alivyoteuliwa na alivyoondolewa. Walimu na vijana wawaendee wazee hao wakiwa na kalamu na kinasa sauti, mapema, wangali hai.