Fahamu: Kichochoro, ujia, chocho na njia nyembamba za mjini

Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, swali la zamani lilirudi: katika mtaa uliobanana hivi, waokoaji wapite wapi?

Kariakoo ilipimwa kwa mistari iliyonyooka. Mitaa ya Sikukuu, Swahili na Nyamwezi ni barabara kamili. Kichochoro ni kitu kingine: upenyo uliobaki kati ya nyumba na nyumba. Zamani ulizungukia kuta za nyumba za Kiswahili hadi uani. Leo umebanwa na maghorofa pande zote. Humo mna ndoo, jenereta, marobota ya mitumba na mama lishe mwenye jiko lake la mkaa. Mpagazi mwenye mzigo kichwani akipaza sauti "Pisha!", unageuka ubavu, mgongo ukutani.

Wengine husema uchochoro, vijana hukata na kusema chocho. Ujia nao ni njia nyembamba, ila hata ya shambani huitwa hivyo. Lamu wana wikio, sehemu ya nyumba inayovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Uingereza nako kila eneo lina neno lake: kaskazini ginnel, Sussex twitten.

Kwangu mimi, kichochoro ni njia ya kukimbilia moto unapozuka, na Julai 2021 soko kuu la Kariakoo lenyewe liliungua. Anayekiziba kwa shehena anafunga mlango wa jirani yake.