Maji ya kunawa: Wazee wetu katika nyumba za Toronto

TORONTO, Kanada – Bibi mmoja mzaliwa wa mwambao wa Kenya, aliyekuja huku miaka mingi iliyopita kulea wajukuu, aliingizwa katika nyumba ya kutunzia wazee mashariki mwa jiji hili baada ya ugonjwa wa kusahau kumzidi. Kiingereza alichojifunza ukubwani kilikuwa cha kwanza kumtoka. Kilichobaki ni Kiswahili cha utotoni.

Kila chakula kilipoletwa, Bibi alisema neno moja tu: maji. Wahudumu wakamletea gilasi ya maji ya kunywa. Yeye akayamimina juu ya vidole vyake, meza ikarowa. Katika kumbukumbu za nyumba ikaandikwa kwamba mzee huyu anamwaga vinywaji na anakataa kula. Binti yake hufanya kazi zamu ya mchana, na alikuwa akifika jioni sahani zimekwisha kuondolewa. Bibi akazidi kukonda, na mazungumzo ya kumpa dawa ya kumtuliza yakaanza.

Siku moja tulikwenda kumjulia hali saa ya chakula cha mchana, tukalisikia neno lile. Bibi alikuwa anataka maji ya kunawa. Likaletwa bakuli, akanawa, akala wali wote.

Nyumba hiyo hatuitaji, kwa sababu kosa halikuwa la mtu mmoja. Mhudumu aliyeleta gilasi alikuwa mama mhamiaji kama sisi, na asubuhi ile alikuwa na wazee kumi wa kuwaamsha, kuwaosha, kuwavisha na kuwalisha. Hakuwa na dakika tano za kujiuliza mtu huyu anataka nini.

Dakika hizo ndizo kiini cha mjadala mzima wa wazee katika jimbo la Ontario. Mwezi Aprili 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia katika nyumba hizi, hali ilikuwa mbaya hata serikali ikaomba msaada wa jeshi. Wanajeshi walipelekwa kwanza katika nyumba tano, tatu kati yake zikiwa ndani ya Toronto. Ripoti yao ilitangazwa tarehe 26 Mei mwaka huo, nayo ilitia simanzi: mende, wazee walioachwa na nepi chafu, wengine wakilia kuomba msaada kwa nusu saa hadi zaidi ya saa mbili bila mtu kufika. Tume iliyoongozwa na Jaji Frank Marrocco ilikabidhi ripoti yake ya mwisho Aprili 2021. Kufikia wakati huo wazee karibu 4,000 walikuwa wamefariki dunia katika nyumba za jimbo hili.

Tume ilionyesha kwamba maradhi yalikuta nyumba iliyokwisha kuoza. Wahudumu walikuwa wachache na wenye mishahara midogo, wengi wakifanya vibarua katika nyumba mbili au tatu ili wapate kuishi. Majengo mengi ya zamani yalikuwa na vyumba vya vitanda vinne. Na wengi wa wahudumu hao ni wanawake wahamiaji kutoka Afrika, visiwa vya Karibiani na Ufilipino. Kwa hiyo jambo hili linatugusa pande mbili: mama zetu wamelala vitandani, na dada zetu ndio wanaowageuza.

Yapo yaliyorekebishwa. Nyongeza ya dola 3 kwa saa waliyopewa wahudumu mwaka 2020 ilifanywa ya kudumu mwaka 2022. Sheria mpya ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Aprili 2022, iliweka lengo la kila mkazi kupata wastani wa saa nne za huduma ya mikono kwa siku ifikapo mwisho wa Machi 2025. Lakini wastani ni wa jimbo zima, si ahadi kwa mzee mmoja mmoja. Na saa nne za mtu asiyekuelewa bado zinaweza kupita bila wewe kunawa mikono.

Wachina wa Toronto waliliona hilo mapema. Chini ya uongozi wa daktari Joseph Wong walichangishana fedha, na mwaka 1994 wakafungua nyumba ya Yee Hong huko Scarborough, ikiwa na vitanda 90. Huko mzee anahudumiwa kwa lugha yake na anakula chakula alichokizoea. Leo Yee Hong ina nyumba nne, na foleni ya kuingia huchukua miaka.

Katika nyumba ya Malton Village, inayoendeshwa na serikali ya mkoa wa Peel magharibi mwa Toronto, mwaka 2017 walijaribu njia nyingine katika sehemu ya wagonjwa wa kusahau. Kuta zilipakwa rangi za kuchangamsha, wahudumu wakavua sare na kukaa kula pamoja na wazee, na kazi ikaanza kwa kuuliza mtu huyu alikuwa nani kabla ya kuugua. Jiji la Toronto, ambalo lenyewe linaendesha nyumba 10, nalo likafuata mwelekeo huo.

Sisi Waswahili wa Toronto hatuna nyumba yetu, na hatutakuwa nayo kesho. Tuna aibu tu. Ndugu wa nyumbani hutupigia simu wakiuliza inakuwaje mtu ampeleke mamake nyumba ya wazee, kana kwamba Nunge ya Kigamboni na Welezo ya Zanzibar hazina wazee. Kwa kuogopa maneno hayo, wengi wetu tukishampeleka mzee huficha. Hatusemi msikitini, hatusemi kanisani, na mzee hakosi huduma tu, hukosa na wageni.

Kuficha ni hatari zaidi sasa. Tangu mwaka 2022, sheria inaruhusu mgonjwa aliyemaliza matibabu hospitalini apangiwe nyumba asiyoichagua, hadi kilomita 70 kutoka mahali anapopendelea kwa huku kusini mwa Ontario. Hawezi kubebwa kwa nguvu, lakini akikataa kuondoka hospitali inatakiwa kumtoza dola 400 kwa siku. Familia isiyojipanga mapema inaweza kujikuta mama yuko mji ambao hakuna hata basi la kumfikia.

Tunachoweza kufanya ni haya. Jaza orodha ya nyumba unazozitaka mzee akiwa bado na nguvu. Ndani ya wiki sita za kuingia, nyumba inatakiwa kuitisha kikao cha kujadili mpango wa huduma. Omba ruhusa kazini uhudhurie, na uandikishe lugha yake, chakula chake, sala zake na namna anavyonawa. Familia zina haki ya kuunda baraza lao, na baraza likileta malalamiko, nyumba inapaswa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 10. Ripoti za wakaguzi ziko wazi kwa kila mtu, zisome kabla ya kuchagua. Na jumuiya zetu, zinazojua kukodi ukumbi kwa harusi, ziweke zamu ya kuwatembelea wazee, hasa saa za chakula.

Tumefundishwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno la mzee linahitaji mtu wa kulisikia.

Bibi bado yupo, na mwili umeanza kurudi. Juu ya kitanda chake binti yake amebandika karatasi yenye maneno kumi ya Kiswahili na maana yake kwa Kiingereza. La kwanza ni maji ya kunawa. Jumamosi ijayo zamu ya kwenda ni yetu.