Kukoleza Rangi Katika Sehemu ya Picha

Mwanafunzi mmoja aliniletea picha ya jani la mahindi lenye dalili za upungufu wa naitrojeni. Umanjano ulioanzia nchani na kufuata mshipa wa kati ulikuwa mkali mno. Nilipomuuliza, alikiri kuwa ameukoleza kwa programu ya kuhariri picha, ili uonekane vyema.

Programu hiyo hufanya nini? Kila nukta ya picha ya dijitali ni namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, baina ya 0 na 255. Tuchukue nukta yenye 200, 180 na 100. Kwa kanuni aliyoitangaza Alvy Ray Smith mwaka 1978 (programu nyingine hutumia kanuni tofauti kidogo), ukolevu ni tofauti ya namba kubwa na ndogo, ikigawanywa kwa ile kubwa. Hapa ni asilimia 50. Tukitaka asilimia 75, namba huwa 200, 170 na 50: manjano ni yale yale, ila yamekolea.

Ili sehemu nyingine zisiguswe, kila nukta hupewa namba ya ziada. Penye 0 haibadiliki, penye 255 hubadilika kikamilifu, na namba za kati hulainisha mpaka. Ndiyo maana sikuona mshono wowote.

Ukolevu ukifikishwa asilimia 100, namba ndogo huwa 0 katika nukta zote zilizoteuliwa. Hapo tofauti ya ukolevu baina ya sehemu iliyofifia kidogo na iliyofifia sana hutoweka, wala programu haiwezi kuikisia tena kutoka picha hiyo. Bahati njema, kijana yule alikuwa amehifadhi picha ya awali, nasi tukaanza kupima upya.