Mtoto, Herufi na Kishikwambi

Ndugu msomaji, wewe ukaaye Igogo, Mabatini au Kirumba, urudiye jioni umechoka kwa zamu ya kiwandani au kwa biashara ya dagaa pale Mwaloni, bila shaka umeona jinsi mwanao anavyoipokea simu yako kabla hajakupokea mkoba. Je, chombo hicho chaweza kumfunza kusoma na kuendeleza maneno, au kinampotezea wakati tu?

Hatuna haja ya kubahatisha, kwani jambo hili limekwisha kujaribiwa humu nchini. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, karibu watoto 3,000 wa vijiji vya Mkoa wa Tanga, wengi wao wasiopata kukanyaga darasani, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, wakaachwa wajifunze wenyewe kwa miezi 15. Hayo yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyoendeshwa kwa ushirikiano wa Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Umeme wa kuchaji vyombo hivyo ulitokana na jua. Kabla ya jaribio, watoto zaidi ya 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Lilipokwisha, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School ya kampuni ya Enuma ya Marekani, waligawana dola milioni 10.

Ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, tusisahau ile nusu nyingine.

Programu za namna hii humtamkia mtoto sauti, naye huigusa herufi yake. Akikosea hurudishwa nyuma bila kufokewa, akipatia husogezwa mbele. Kutoka herufi huenda kwenye silabi, kisha kwenye neno na picha yake. Lugha yetu humrahisishia kazi, maana irabu ni tano tu na neno huandikwa kama litamkwavyo. Magumu hubakia machache: «ng» na «ng'», «dh» na «th», na ile «m» isimamayo peke yake katika «mtu».

Lakini sisi wa Kanda ya Ziwa tuna gumu letu, nalo ni «l» na «r». Mtoto asikiaye nyumbani «kura chakura» ataandika hivyo hivyo, wala si kwa uzembe: anaandika alichokisikia. Hapa mashine inafaa, kwa kuwa haichoki kurudia. Hata hivyo, programu nyingi humtaka mtoto asikilize na kuchagua tu. Hazisikii anavyotamka yeye. Sikio la kumsahihisha ni lako.

Na hilo si geni kwetu. Mradi wa UNESCO wa kisomo cha watu wazima, uliokuwa na makao yake hapa Mwanza kati ya mwaka 1968 na 1972, ulifundisha herufi kwa vitabu vilivyozungumzia kilimo cha pamba, kwa kuwa mtu hulitambua upesi neno la kazi yake. Ukerewe nayo ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa kufuta ujinga wa kusoma kufikia mwisho wa mwaka 1971. Basi unapochagua programu, tazama kwanza maneno yake. Yenye samaki, mtumbwi na jembe itamshika mtoto kuliko yenye picha za theluji.

Wengine watauliza habari ya bando. Programu za Tanga zilitumika bila intaneti, kwa hiyo tafuta inayopakuliwa mara moja tu. Zima mengine yote yanayolia na kumeremeta, umpe mtoto dakika 20, nawe uketi karibu hata kama unachambua mchele. Asiye na simu ya kuachia mtoto aokote vizibo vya soda, aandike herufi moja juu ya kila kizibo, kisha mtoto apange neno alilotajiwa.

Jioni ya leo mtajie «kalamu», halafu «karamu». Akikupangia maneno mawili yanayofanana, msomee tena polepole, ukiuangalia na ulimi wako mwenyewe.