Elimu ya Kupima Manufaa ya Kazi

Yafaa wazazi na vijana wafahamu kwamba katika baadhi ya vyuo vikuu, hasa vya Marekani, mwanafunzi wa shahada ya juu huweza kuambatanisha na somo lake kuu somo dogo la pili, nalo ni elimu ya kutathmini miradi. Humo daktari au mwalimu hufunzwa kuuliza: je, kazi hii imeleta manufaa yaliyokusudiwa, au imekula mali tu?

Katika Wilaya ya Busia, Kenya, miaka ya 1990, baadhi ya shule zilipewa vitabu, nyingine hazikupewa, kisha wanafunzi wakapimwa. Waliofaidika ni wale waliokuwa hodari tangu mwanzo. Wengine hawakupanda, kwani vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao. Lakini katika shule 75 zilizopewa dawa ya minyoo kwa zamu tangu 1998, watafiti walikuta kwamba utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizotangulia kutibiwa. Mmoja wao, Michael Kremer, alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Basi, enyi vijana, nia njema peke yake haitoshi. Mali iliyotolewa kwa ajili ya watoto ni amana, na mwenye amana hurudi kutazama kama imewafikia na kuwafaa.