Nguo ya Kudumu: Kagua Kabla ya Kulipa

Rahisi ni ghali. Thamani ya nguo hupimwa kwa miaka itakayovaliwa, si kwa bei pekee. Ununuapo kitambaa cha viwanda vyetu katika Soko la Majengo, Dodoma, omba nyuzi chache uzichome mahali salama: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuwa donge gumu. Tunashauri kitambaa cha pamba kiloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwani hupungua kinapofuliwa. Chagua mshono usiopitwa na wakati, na mwombe fundi aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono ili nguo iweze kupanuliwa. Dai risiti, na muandikiane vipimo, bei na siku ya kukabidhiwa nguo. Pakitokea mgogoro, karatasi hizo ndizo shahidi wako.