Mbuyu hupukutika, nyoka hujivua: tofauti ni nini?

Ukipita Dodoma mwezi wa saba, utakuta mibuyu imebaki matawi matupu. Majani yamepukutika, mti unabana maji mpaka mvua zirudi. Kuku akibadilisha manyoya, tunasema yamenyonyoka. Nyoka je? Huyo anajivua gamba. Mwingereza angetumia neno moja kwa yote matatu: shed, ambalo zamani lilimaanisha kutenganisha. Sisi tuna maneno tofauti, na kila moja linakudokeza nani kafanya kazi.

Chukua nyonyoa na nyonyoka. Ukimnyonyoa kuku, mtendaji ni wewe. Manyoya yakinyonyoka, hatajwi mtu. Hiyo ndiyo kazi ya ule mwisho wa -ka: jambo limetokea, basi.

Vua ni habari nyingine. Ni kinyume cha vaa, kwa ile ile u inayogeuza funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua. (Kuvua samaki ni neno lingine kabisa, yamefanana sauti tu.) Vua linadai mtendaji: unamvua mtu, unavuliwa, au unajivua mwenyewe.

Sasa kumbuka Aprili 2011. Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana hapa hapa Dodoma, sekretarieti ikajiuzulu, na nchi nzima ikaanza kusema "kujivua gamba". Julai, Rostam Aziz akajiuzulu ubunge wa Igunga. Mjadala mitaani ukawa wa sarufi bila watu kujua: huyu kajivua au kavuliwa? Tena, nani ni nyoka na nani ni gamba? Baadaye CHADEMA wakalidaka neno: "Vua gamba, vaa gwanda". Hapo ji- imeondoka, na gamba limekuwa vazi la chama ambalo mwananchi anaweza kulivua na kuvaa jingine.

Na nyoka wa kweli anafanyaje? Kwanza ngozi mpya inakua chini ya ile kuukuu. Majimaji yanaingia katikati, macho yanakuwa na ukungu. Ndipo anasugua mdomo kwenye jiwe au mti, ngozi inapasuka hapo, naye anatoka huku inageuka nje-ndani kama soksi. Kwa hiyo ni kweli anajivua, ila kwa msaada wa jiwe, na baada ya ngozi mpya kuwa tayari. Na anayetoka ni nyoka yule yule.

Kwa nini ujali? Kwa sababu silabi moja inaweza kuficha au kufichua mhusika. "Fedha zimepotea" ni lugha ya majani ya mbuyu: hakuna aliyefanya. "Amevuliwa uongozi" inaficha aliyemvua, ila inakiri kuwa yupo. "Amejivua uongozi" inampa mtu mzigo wote, au sifa zote, hata kama kulikuwa na jiwe pembeni.

Leo usiku ukisikiliza taarifa ya habari, jaribu kuhesabu: wangapi wamejivua, wangapi wamevuliwa, na mangapi yamepukutika yenyewe tu.